PROGRAMU YA KUKIMBIA YA BINGWA: ITAKUJENGA AU ITAKULAZA KITANDANI?

Na Mwandishi Wetu, Moa

KUKIMBIA ndiyo bomba la mjini siku hizi! Pita barabara yoyote alfajiri utawakuta: bukta ya kung'aa, raba za bei mbaya, saa kubwa mkononi inayolia "pii" kila kilomita. Tanga mjini wamejaa, na mzuka umeshafika mpaka huku Moa, pwani ya Wilaya ya Mkinga, kunakonukia samaki na mikoko badala ya moshi wa daladala.

Ukimbana mmoja wao umuulize anakimbia vipi, anatoa simu mfukoni. "Nina programu, mshikaji!" Anakuonyesha: Jumanne kilomita nane kwa mwendo huu, Alhamisi vipande kumi vya kasi, Jumapili kilomita ishirini. Imeandikwa na mtaalam. Wengine wanakwambia kabisa ndiyo aliyoitumia bingwa fulani wa Kenya.

Swali ni dogo lakini zito: programu hizi ni za kuaminiwa? Usidhani ni swali la porojo za kijiweni. Programu ikikubali, unapata pumzi, afya na medali ya kutundika ukutani. Ikikukataa, unapata ugoko unaouma miezi mitatu, au unaanguka barabarani kwa joto, na hapo raba za bei mbaya hazikusaidii kitu.

Jibu letu tunalitoa mapema ili usitafute mwishoni: amini kanuni, usiamini tarakimu. Sababu tunazo, na ya kwanza inatoka kwa mtu wetu wenyewe.

SIMBU ALIVYOONGEZA DAKIKA, AKABEBA DHAHABU

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, kijana wa Singida na askari wa JWTZ, alishinda marathoni ya dunia. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha. Alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Wote wawili waliandikiwa muda uleule: saa 2:09:48.

Sasa rudi nyuma miezi mitano. Aprili 21, 2025 Simbu alikuwa Boston, Marekani, akashika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04. Piga hesabu mwenyewe. Mtu yuleyule, mwaka uleule, miguu ileile, lakini Tokyo alikuwa taratibu kwa dakika 4 na sekunde 44. Na huko kwenye utaratibu ndiko alikopata dhahabu!

Ni kweli mbio za ubingwa zina ujanja wake. Watu wanatazamana, wanasubiriana, hakuna anayekimbiza rekodi. Lakini Tokyo ilikuwa na joto na unyevu, na kila aliyekuwa barabarani alijua kwamba mwendo wa Boston ungemmaliza kabla ya kuuona uwanja. Fikiria kama Simbu angekuwa kama baadhi yetu: anaangalia saa, anaona programu inadai mwendo wa Boston, anakaza tu. Leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Kama bingwa wa dunia anapunguza mwendo hali ya hewa ikibadilika, wewe wa Duga au Ngamiani nani kakwambia tarakimu ya kwenye simu ni amri?

FUKUTO LA PWANI SI LA MCHEZO

Hapa ndipo programu nyingi za wataalam zinapochemsha. Zimeandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Anayejiandaa kwa Boston ya Aprili anafanya mazoezi mazito Januari na Februari akiwa amevaa glovu. Huku kwetu Januari na Februari ni kaskazi, jua linachoma tangu saa 2 asubuhi na usiku hakupoi.

Na sisi ndio hasa tunaofanya mazoezi wakati huo, maana Kilimanjaro Marathon ya Moshi hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayetaka kwenda Moshi kutoka pwani lazima ajifue katika miezi mibaya kuliko yote. Miezi ya raha, Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma na hewa ni baridi kidogo, wengi wetu huwa tumelala.

Kwa nini joto la pwani ni baya zaidi kuliko la bara? Jasho kutoka tu halitoshi kukupoza. Linakupoza linapokauka kwenye ngozi. Hewa ya Moa imeshiba maji ya bahari, kwa hiyo jasho halikauki, linadondoka tu chini. Umelowa chepechepe lakini mwili unazidi kuchemka ndani. Moyo unapiga mara nyingi zaidi kwa sababu una kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na kupeleka nyingine kwenye ngozi ikapoe.

Anayebisha akumbuke Doha. Usiku wa Septemba 27, 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na saa 6 usiku ili kukwepa jua. Haikusaidia. Wanariadha 68 walianza, 28 wakashindwa kumaliza, wengine wakibebwa kwa machela. Aliyeshinda, Mkenya, alitumia saa 2:32:43, muda ambao siku nyingine usingempa hata nafasi ya karibu. Wale walikuwa na makocha, madaktari na programu za kisomi. Fukuto halikuuliza.

Habari njema ni kwamba mwili unazoea. Ukianza taratibu na kukimbia kwenye joto kila siku au karibu kila siku, baada ya siku 10 hadi 14 hivi mwili unajifunza kutoa jasho mapema na moyo unatulia. Kwa hiyo aliyetoka kusoma Arusha au Lushoto akarudi likizo pwani asitake kukimbia mwendo wake wa milimani siku ya kwanza. Ajipe wiki mbili.

NGUO YA MWENZIO HAIKUKAI

Kila programu ilishonewa mtu. Kabla hujaivaa, uliza ilishonewa nani.

Ile maarufu ya wanaoanza, inayokutoa kwenye kochi na kukufikisha kilomita 5 kwa wiki tisa, ilitungwa mwaka 1996 na kijana wa Kimarekani, Josh Clark, akimfikiria mama yake. Siku tatu kwa wiki, unakimbia kidogo, unatembea kidogo, unaongeza polepole. Ni nzuri sana, na imewasaidia watu wengi duniani. Lakini ililenga mtu anayekaa ofisini mchana kutwa na kurudi kukaa sebuleni. Mvuvi wa Moa aliyevuta nyavu tangu usiku, au dada aliyeinama kwenye shamba la mwani asubuhi nzima, hana kochi la kutokea. Yeye siku ya "kupumzika" ya kwenye programu ndiyo anapofanya kazi kuliko bukta yoyote inavyojua.

Upande wa pili wapo wanaonakili mabingwa. "Kipchoge anakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, na mimi nitajaribu mia!" Ngoja kwanza. Bingwa anaishi milimani, Iten au Kaptagat, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, au Arusha kama Simbu, kwenye mita 1,400 hivi. Amekimbia tangu utotoni. Akimaliza mazoezi ya asubuhi analala, mchana anakula, jioni anakandwa. Wewe ukimaliza unagombania daladala, unasimama dukani mpaka usiku. Umechukua nusu ya programu, ile ya kuchosha, ukaacha nusu ya kupumzika.

Na Kipchoge mwenyewe unamjua alivyoanza? Akiwa kijana huko Nandi alimfuata jirani yake Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, akamwomba programu. Sang akamwandikia ya wiki mbili hivi. Kijana akaenda, akaifanya, akarudi kuomba nyingine. Wakaendelea hivyo mpaka akawa mwanafunzi wake, na baadaye bingwa wa Olimpiki mara mbili katika marathoni. Umeona tofauti? Programu alikuwa nayo, lakini kila baada ya siku chache ilirudi kwa mtu anayemtazama usoni. Simu yako haikutazami usoni. Haijui kwamba jana ulikesha kwenye ngoma ya harusi.

IKANGAA: STAILI MOJA, NJIA MBILI

Tukiwa kwa watu wetu, tusimsahau Juma Ikangaa. Huyu bwana alikuwa anaondoka mbele tangu mlio wa bastola, anayemtaka amfuate. Novemba 1989 staili hiyo ilimpa ushindi wa New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo.

Aprili 1990, miezi mitano tu baadaye, akaenda Boston na staili ileile. Boston inaanza kwa mteremko mkali, unakimbia bure bila kuhisi, halafu vilima vinakusubiri baada ya nusu. Ikangaa aliondoka kama mshale. Nyuma yake Gelindo Bordin wa Italia alijizuia, akaja kumkamata na kushinda kwa saa 2:08:19. Ikangaa alimaliza wa pili kwa 2:09:52, mara yake ya tatu mfululizo kuwa wa pili Boston.

Hatumcheki Ikangaa, aliyekuwa mmoja wa wakali wa dunia. Tunachosema ni kwamba hata mpango uliofanya kazi juzi kwa mtu huyohuyo unaweza kukataa leo kwenye njia nyingine. Sembuse mpango wa mtu usiyemjua?

TARAKIMU ZILIZOZALIWA KIAINA

Kuna namba ambazo wakimbiaji wanazitaja kama vile zimeshuka mbinguni. Tuzichungulie tatu.

Ya kwanza: 220 toa umri wako, ndiyo kikomo cha mapigo ya moyo. Saa nyingi za mkononi zinaitumia. Ilitokana na wataalam wawili wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliokusanya takwimu za tafiti za wengine na kuona mstari unaokaribia hapo. Hawakuitoa iwe sheria ya kila mtu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10 mpaka 20 na wote wakawa wazima wa afya. Saa ikilia "umezidi!" huku wewe unapiga stori na mwenzako vizuri, anayekosea huenda ni saa.

Ya pili: usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, hutaumia. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu kwa watu 532 waliokuwa wanaanza kukimbia, wakatoa matokeo mwaka 2008. Kundi moja liliongeza taratibu kwa asilimia 10 kwa wiki 13, jingine likafuata programu ya kawaida ya wiki 8. Walioumia? Karibu mmoja kati ya watano, makundi yote mawili! Haina maana uongeze ovyo. Maana yake ni kwamba namba yenyewe si hirizi.

Ya tatu ndiyo ya hatari: kunywa maji mengi kadiri uwezavyo. Miaka ya 1990 wataalam wakubwa wa Marekani waliwahimiza wakimbiaji hivyo, ingawa Tim Noakes wa Afrika Kusini alikuwa ameshaonya tangu miaka ya 1980. Mwaka 2002 mwanamke wa miaka 28 alifariki baada ya kuanguka kwenye marathoni ya Boston kwa sababu maji yalizidi mwilini na chumvi ya damu ikashuka mno. Wakimbiaji 488 wa siku hiyo walipimwa damu, na asilimia 13 wakakutwa chumvi yao iko chini. Mwaka 2007 chama cha tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, kikatoa mwongozo mpya unaoonya pia juu ya kunywa kupita kiasi.

Kwa hiyo wataalam nao hujirekebisha, na hilo ni jambo la heshima. Tatizo ni kwamba programu iliyonakiliwa miaka hiyo bado inazunguka kwenye simu za watu haijui kama mwenyewe ameshabadili kauli. Kunywa ukiwa na kiu. Dafu baada ya mazoezi ni tamu na ni halali, lakini usijijaze kama pipa.

MCHAKAMCHAKA ULISHATUFUNDISHA

Sasa kama tarakimu haziaminiki, tushike nini? Rudi shule ya msingi, mpenzi msomaji. Unakumbuka mchakamchaka? Walioenda JKT wanaukumbuka zaidi. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, miguu inagonga chini kwa pamoja. Na vikundi vya jogging vya pwani yetu vinafanya vivyo hivyo mpaka leo kila mwisho wa wiki.

Basi ule wimbo ni kipimo! Mtu anayeweza kuitikia yuko kwenye mwendo wake. Pumzi zikimkatikia, amezidisha. Wataalam wa Ulaya na Marekani nao wanatumia kipimo cha namna hiyo: kama unaweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni laini. Hakihitaji saa, hakihitaji chaji, na kwenye joto kinajirekebisha chenyewe, maana fukuto likizidi, sauti inakata mapema na unapunguza.

Na mwendo laini ndio msingi wa mabingwa. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa akakuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya taratibu. Sisi wa mtaani tunafanya kinyume: kila siku ni kukomoana, nani atafika kwanza kwenye mnazi. Ndiyo maana tunaumia.

Hiyo sasa ndiyo kanuni. Ziko nne tu, na karibu programu zote nzuri zinazo: ongeza polepole, kimbia taratibu siku nyingi, weka safari moja ndefu kwa wiki, pumzika kweli. Hizo ziamini Moa, ziamini London. Asiye na programu kabisa naye asijisifu, maana wengi wao hukimbia kilomita kumi siku ya kwanza na hawaonekani tena.

MOA INA KALENDA YAKE

Programu inasema "Jumanne asubuhi, ufukweni". Sawa, lakini bahari nayo ina programu yake. Siku za bamvua, maji ya pwani hii hujaa alfajiri kwenye saa 10 na 11, na kupwa kabisa saa 4 kwenda 5. Kwa hiyo saa 12 ufukwe bado ni mwembamba, mchanga ni laini na umeinama upande mmoja. Ukikimbia umeinama hivyo kilomita nyingi, goti na nyonga zitakudai. Ukisubiri maji yaondoke, jua limeshakaa juu ya kichwa. Siku hizo nenda barabara ya vumbi, ufukwe uachie siku za maji mafu.

Ramadhani nayo hairukwi. Hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na ikiangukia katikati ya programu ya wiki 16, usilazimishe. Kimbia kidogo na taratibu, karibu na kufuturu au baada ya tarawehe, na zile mbio za kasi zisubiri Idi.

Na dada zetu: programu inayokuambia utoke peke yako saa 11 alfajiri haijui mtaa wako. Tafuta kundi, hata la watu wanne. Anayevaa nguo ndefu na mtandio achague kitambaa chepesi na kipana, na akubali kwamba mwendo wake utapungua kidogo kwenye joto. Hilo si udhaifu.

JIULIZE HAYA KABLA HUJAIFUATA

1. Programu hii iliandikiwa nani: anayeanza, aliyezoea, au bingwa anayelipwa?

2. Mwandishi alifikiria hali gani ya hewa? Kama ni ya baridi, tupa namba za mwendo, bakiza muda. Badala ya "kilomita 8 kwa dakika 40", kimbia dakika 40 huku unaweza kuongea.

3. Inataka siku ngapi, na kazi yangu inanibakizia nguvu za siku ngapi?

4. Ina siku za kupumzika? Isiyo nazo iogope kama ukoma.

5. Inaniruhusu kurudia wiki iliyonishinda? Programu nzuri haikufukuzi.

6. Nani ataniona nikichechemea? Tafuta mtu: mwalimu wa michezo, mkimbiaji mkongwe, hata rafiki msema kweli. Kila wiki mbili mwonyeshe, kama Kipchoge kwa Sang.

Na dalili za kusimama papo hapo, programu iseme isiseme: maumivu yanayokubadilisha unavyokanyaga, kifua kubana, kizunguzungu, kusikia baridi na vipele vya ubaridi kwenye jua kali, au kuanza kuongea vitu visivyoeleweka. Ukimwona mwenzako yuko hivyo, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mkimbize hospitali. Usimwambie "kaza, imebaki kidogo".

Haya, funga kamba za raba. Programu ichukue, isome, halafu ipunguze kiuno, iongeze mikono, mpaka ikukae. Mdogo mdogo, tutafika.